Pampu Nzima Daftarini, Ndoo Tupu Kijijini

Agosti ikifika Singida, upepo huamka kabla ya watu. Alizeti imeshavunwa, mabua yamebaki yakigongana, na njia zote za vijijini zina sauti moja: madumu matupu yanayogongana kwenye baiskeli. Mjini kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, na mgeni anayeyaona kwa mara ya kwanza hushangaa watu wanalilia maji gani. Ayaonje. Ni ya chumvi. Maji ya kunywa ya mkoa huu yako chini ya mwamba, kwenye nyufa za granite, na kuyapata kunahitaji mtambo wa kuchimba, bomba, pampu, na bahati kidogo.

Kila anayezungumzia visima huvizungumzia kama huduma. Leo nataka tuvitazame kwa jicho la mtunza stoo, yaani kama mali.

Gari la halmashauri lina namba za SM, lina kadi na kitabu cha safari, na lina dereva anayesaini kila linapotoka. Likilala nje usiku mmoja, kesho yake ofisi nzima inajua. Pampu ya mkono iliyosimikwa pembeni mwa shule ya msingi kule Mkalama nayo ni mali ya umma. Imezikwa ardhini pamoja na mabomba yake, na kaya nyingi zinaitegemea kuliko wanaolitegemea lile gari. Hiyo inaweza kufa Januari na taarifa zake zikafika wilayani Juni, au zisifike kabisa.

Tukisikia habari za kusimamia mali kwa programu za kompyuta, mawazo yetu hukimbilia maofisini: viti, meza, jenereta, stika yenye msimbopau ubavuni mwa kabati. Serikali ina mfumo wa kazi hiyo, GAMIS, ulio chini ya Wizara ya Fedha, na maofisa ugavi wanaujua vizuri hasa msimu wa kuhakiki mali unapokaribia. Sina ugomvi nao. Lakini kiti cha ofisini ni mali ya kistaarabu: kinakaa ulipokiacha, mkaguzi anakigusa, anaandika, anaondoka. Ugumu wa kazi hii unaonekana pale mali yako inapokuwa imetawanyika porini, imefungwa na watu kumi tofauti kwa miaka arobaini, na anayejua kama ni nzima au mbovu ni mama aliyetoka kuteka asubuhi hii.

Singida ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo Tanzania kuhesabiwa mali hiyo. Shirika la WaterAid, ambalo kwa miaka mingi lilifanya kazi Dodoma, Singida na Tabora, lilichukua mbinu iliyoanzia Malawi mwaka 2002 na katikati ya muongo ule likaanza kuitumia huku. Mbinu yenyewe ilikuwa rahisi: mtu anakwenda kwenye kila kituo cha kuchotea maji akiwa na kifaa cha GPS, anaandika kilipo, aina ya pampu, nani alikifadhili, nani anakisimamia, na kama kinatoa maji. Ramani ilipochorwa ikaonyesha jambo ambalo wanavijiji walikuwa wakilisema siku zote bila kusikilizwa, kwamba visima vimerundikana upande mmoja na upande mwingine hakuna kitu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 kutokana na kazi hiyo uliongeza uchungu: robo ya vituo vya maji vijijini vilikuwa vimeshaacha kufanya kazi ndani ya miaka miwili tu tangu vijengwe. Miaka miwili. Rangi ya jiwe la msingi haijapauka.

Kisha Wizara ya Maji ikaichukua kazi nchi nzima. Sehemu kubwa ya takwimu ilikusanywa mwaka 2011 na 2013, na baadaye ziliwekwa wazi, hata zikageuzwa shindano la kimataifa la wataalamu wa takwimu. Jalada la shindano hilo lina mistari 59,400, kila mstari ni kituo kimoja, na hali yake imeandikwa. Vinavyofanya kazi ni 32,259. Vinavyofanya kazi lakini vinahitaji matengenezo ni 4,317. Visivyofanya kazi ni 22,824. Mkoa wa Singida una mistari 2,093, na karibu nusu tu ndiyo iliyoandikwa kuwa inafanya kazi.

Tupige hesabu ya haraka. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu wasiozidi 250, umbali usiozidi mita 400. Sensa ya 2012 iliwakuta wakazi wa Singida 1,370,637. Kwa kipimo hicho, mkoa ulihitaji vituo karibu 5,500, japo wa mijini wana mabomba yao na jalada lenyewe ni sehemu tu ya takwimu zote. Sensa ya 2022 imewakuta watu 2,008,058. Kwa kipimo kilekile, hao wanahitaji vituo zaidi ya 8,000.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya ni kasoro za jalada lenyewe zaidi ya hizo jumla. Ukiinama juu yake na kusoma mstari kwa mstari, unaanza kuona ule uchovu wa mkono uliokuwa ukiandika. Safu ya mwaka wa ujenzi imejazwa sifuri katika mistari 20,709, zaidi ya theluthi moja. Kwa mhasibu wa mali, sifuri hiyo ni msiba. Usipojua chombo kilizaliwa lini, huwezi kukokotoa uchakavu wake, huwezi kujua kitakufa lini, na huwezi kuomba bajeti ya kukibadilisha kabla hakijafa. Ipo pia mistari michache ambayo kisima kimekaguliwa kabla ya mwaka kilipojengwa. Na viko vituo 1,812, vya Mwanza na Shinyanga, ambavyo longitudo yake ni sifuri na latitudo yake ni kama sifuri. Ukivitafuta kwenye ramani utavikuta baharini, Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Wasukuma wanateka maji mbali, lakini si mbali kiasi hicho.

Halafu kuna majina. Safu ya jina la kituo ina mistari 3,563 iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba hakuna jina. Jina linalofuata kwa wingi ni Shuleni, mara 1,748. Kisha Zahanati, mara 830. Msikitini, 535. Kanisani, 323. Mwandishi hakukosea, maana ndivyo watu wanavyoviita visima vyao na ndivyo tunavyoelekezana. Bibi akisema "nenda kachote kule shuleni" mtoto hapotei. Sasa mpigie simu fundi aliyeko Kiomboi umwambie pampu ya Shuleni imekata. Ipi? Jina linalomtosha mwanakijiji halimtoshi mtu aliye umbali wa kilomita sabini anayeamua apakie vipuri gani kwenye pikipiki.

Vipuri navyo vina historia yake. Kuanzia mwaka 1971 serikali ilikuwa na mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwanakijiji maji, na wafadhili waligawana mikoa kama watu wanaogawana vipande vya nyama ya arusi. Wafini walikwenda Mtwara na Lindi na pampu yao ya Nira, ambayo baadaye Tanzania ikatengeneza ndugu yake, Tanira. Waholanzi walikuja na SWN 80. Kutoka India ikaja India Mark II, kutoka Uingereza Mono. Katika miaka ya 1980 ikaundwa Afridev, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Kenya, kwa makusudi kabisa kwamba kamati ya kijiji iweze kuifungua yenyewe kwa spana moja. Jalada letu lina Nira na Tanira 8,154, SWN 80 zipatazo 3,670, Mono 2,865, India Mark II 2,400 na Afridev 1,770. Na hizo ni zile ambazo mwandishi alizitambua. Nyingine ameziandika "nyinginezo" akapita.

Kwa mtu wa ofisini tofauti hii ni ya majina. Fundi anaiona mgongoni mwake. Afridev ya kawaida ina mabomba ya plastiki, na silinda yake iko wazi juu, hivyo unaweza kuvuta fimbo na pistoni bila kung'oa bomba. India Mark II ya asili ina mabomba ya chuma. Ukitaka kubadilisha vikombe vya ngozi vya pistoni huko chini, mabomba yote yapande juu, na hiyo ni kazi ya miguu mitatu ya chuma, mnyororo na wanaume kadhaa. Fundi aliyeambiwa "ni pampu ya mkono" akaenda na mpira wa Afridev, akakuta India Mark II, amepoteza siku na petroli, na kijiji kitangoja wiki nyingine. Ile safu moja kwenye daftari, aina ya pampu, ndiyo ingeokoa safari.

Sasa ndugu zetu wa takwimu wa Ulaya, Marekani na Asia wamelichukua jalada hili wakafundisha kompyuta kubashiri ni kisima kipi kizima na kipi kibovu. Walio hodari hupata sawa takriban mara nane katika kila kumi. Ni kazi ya akili na siidharau. Kompyuta iligundua, kwa mfano, kwamba vile vituo 6,246 vilivyoandikwa kuwa maji yamekauka karibu vyote havifanyi kazi. Hilo, nadhani, hata punda wa Sepuka angelisema. Jambo la kujiuliza ni hili: kijana aliye Chicago akibashiri leo kwamba kisima fulani cha Ikungi kimekufa, taarifa hiyo inakwenda kwa nani, na huyo nani ana pikipiki?

Tulishawahi kupata jibu la swali hilo, na lilikuwa chungu. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya 2000 shirika la Daraja, lililokuwa na makao Njombe, lilianzisha mpango ulioitwa Maji Matone. Mwananchi akiona kisima kibovu atume ujumbe mfupi wa simu, ujumbe uende kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vifuatilie. Walitarajia ujumbe 3,000. Walipata 53. Daraja, kwa heshima yao, walitangaza hadharani kwamba wameshindwa, jambo ambalo mashirika mengi hulifunika. Sababu walizozitaja zinaeleweka kwa yeyote aliyekulia kijijini: mtandao wa simu dhaifu, anayechota maji ni mama na mwenye simu ni baba, hofu ya kuonekana unamshtaki kiongozi. Mimi nitaongeza moja iliyo juu ya zote. Kwa nini nitumie salio langu kumwambia mtu ambaye sijawahi kumwona akija?

Linganisha na Kyuso, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, mahali pakavu kama Singida kwa namna nyingi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu vifaa vidogo vilivyowekwa ndani ya mikono ya pampu 66. Mkono ukipandishwa na kushushwa, kifaa kinahesabu, kisha kinatuma hesabu hiyo kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua bila kuambiwa na mtu. Kabla ya hapo pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27. Baada ya mpango kuanza, ikawa chini ya siku tatu. Kutokana na kazi hiyo kampuni za matengenezo zikazaliwa Kitui na Kwale kwa jina la FundiFix, na watumiaji hulipia huduma hiyo ya kutengenezewa.

Wasomaji wengi wa habari ile walikumbuka kifaa. Mimi nakumbuka fundi. Kifaa kilifanya kazi kwa sababu upande wa pili wa ujumbe alikuwapo mtu mwenye vipuri stoo, mafuta kwenye tenki, na mshahara unaotegemea pampu kuwa nzima. Njombe palikuwa na simu, na hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Daftari la mali, liwe la karatasi au la kompyuta, hukaa hai likiwa na mtu ambaye kazi yake ya kesho inalihitaji. Asipokuwapo, daftari ni picha ya siku moja, na sisi tumepiga picha nyingi sana za siku moja.

Ndiyo maana nina matumaini kiasi na mabadiliko ya mwaka 2019. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka huo iliwatoa wahandisi wa maji vijijini chini ya halmashauri ikawaweka kwenye Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 1, 2019. Katika ngazi ya chini zikapangwa upya zile jumuiya za watumia maji, sasa zikiitwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo kila mtu huviita kwa kifupi chake cha Kiingereza, CBWSO. Kilicho kipya kwenye karatasi ni kwamba chombo kinatakiwa kuajiri watu wenye ujuzi, fundi na mhasibu wakiwamo, badala ya kuitegemea kamati ya kujitolea ambayo mweka hazina wake alihamia Dodoma na daftari.

Fundi na mhasibu. Hao wawili ndio ninaowasema. Serikali inaweza kununua vishikwambi vya kila aina, lakini leja ya mhasibu wa kijiji ndiyo kengele inayolia kwanza. Fanya hesabu: kituo kinachohudumia watu 250, kila mmoja lita 25 kwa siku kama sera ile ya 2002 ilivyotaka, kinatoa lita 6,250, yaani ndoo zaidi ya 300. Hata kikiuza nusu ya hizo, siku pampu inapokufa mauzo yanaanguka hadi sifuri jioni ileile. Mhasibu hahitaji kuhimizwa kuandika, kwa kuwa ni fedha zake. Ukiunganisha leja hiyo na orodha ya pampu, umepata taarifa ya kila siku bila kumtuma mtu porini na GPS. Malipo ya serikali yameshahamia kwenye kontrol namba tangu 2017, kwa hiyo njia ya kupitishia taarifa hizo ipo.

Kuna tatizo, na jalada la zamani linalionyesha wazi. Katika ile mistari 59,400, vituo 25,348 vimeandikwa kwamba watumiaji hawalipi chochote. Pasipo malipo hakuna leja, na pasipo leja hakuna kengele. Najua maji ya bure ni kauli tamu kwenye majukwaa, na wapo wazee wanaokumbuka enzi ambazo hakuna aliyelipia ndoo. Lakini wazee haohao wakumbuke pia pampu za enzi hizo ziko wapi leo.

La pili ni hatari ya kuandika uongo kwa adabu. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 350 kwa programu ya maji vijijini ambayo fedha hutolewa kwa matokeo: vituo vinavyofanya kazi vikithibitishwa, fedha inatoka. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu ofisi inapata kitu kwa kutunza kisima cha zamani, tofauti na ule mtindo wa kukata utepe tu. Ila pale neno "kinafanya kazi" linapokuwa na bei, kalamu huwa nyepesi kuliandika. Dawa yake ni ileile: hali ya pampu isiandikwe na anayelipwa kwa uzima wake peke yake. Iandikwe na leja ya mauzo, na ithibitishwe na anayechota.

Mhandisi atanijibu kwamba bajeti haitoshi, kwamba kuna vijiji vya Manyoni na Itigi ambako hata mtandao wa simu ni wa kupanda juu ya jabali, na kwamba huko kwingine tatizo ni floraidi ndani ya maji, wala si pampu. Yote kweli. Ila safu ya ubora wa maji nayo iko kwenye daftari, na kisima chenye floraidi nyingi kinapaswa kusomeka hivyo kabla mfadhili mwingine hajachimba mita mia moja pembeni yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa RUWASA mkoa wa Singida na kwa vyombo vya maji vya vijijini ni dogo, na halihitaji zabuni ya programu mpya. Nunueni rangi nyeupe na brashi. Kwenye sakafu ya zege ya kila kituo, kuanzia Ndago hadi Itigi, andikeni vitu vitatu: namba ya kituo kama ilivyo kwenye mfumo, aina ya pampu, na simu ya fundi wa chombo chenu. Fundi akihama, futeni muandike ya mwenzake.